Chakula kibichi au chakula kikavu kwa mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa: ulinganisho kwa anayetaka kuchagua

Mwenye mtoto wa mbwa atakayefikia kilo 40, 50 au hata 70 akikomaa hukutana mapema na swali la chakula, na mara nyingi swali hilo huulizwa kana kwamba lina pande mbili tu: nyama mbichi na mifupa upande mmoja, chakula kikavu cha kiwandani upande wa pili. Njia zilizopo ni nne. Kuna chakula kikavu kamili kilichotengenezwa kwa ajili ya ukuaji wa mbwa wakubwa, kuna chakula kibichi kamili kinachouzwa kikiwa kimegandishwa, kuna chakula kibichi ambacho mfugaji hukiandaa mwenyewe nyumbani, na kuna chakula cha nyumbani kinachopikwa. Hapa nazilinganisha kwa ajili ya mbegu kubwa peke yake, kama vile Great Dane, Rottweiler, German Shepherd, Labrador na Mastiff, kwa sababu kiasi kinachomfaa mtoto wa mbwa mdogo kinaweza kumlemaza mtoto wa mbwa mkubwa.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Katika miezi ya ukuaji, jambo la kwanza la kuangalia si kama chakula kimepikwa au hakikupikwa. Jambo la kwanza ni nani aliyepima kalsiamu na nishati iliyomo, na kipimo chake kinaaminika kwa kiasi gani.

Mwili wa mbwa mkubwa hauna nafasi ya kukosea

Mtoto wa kiume wa Great Dane huzaliwa akiwa na gramu mia chache tu, na anaweza kuvuka kilo 50 kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Ongezeko hilo lote hubebwa na mifupa ambayo bado inajengwa. Mfupa hurefuka katika tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha zake, na gegedu hiyo lazima igeuke kuwa mfupa kwa wakati wake. Kalsiamu ikizidi, mgeuko huo huvurugika: gegedu hubaki nene na dhaifu, na inaweza kumeguka ndani ya kiungo, hasa begani na kwenye kiwiko, hali ambayo madaktari huiita osteokondrosisi. Kalsiamu ikipungua, tezi za parathairoidi huamuru mwili uchote madini hayo kutoka mifupani ili damu isikose, na mtoto wa mbwa hubaki na mifupa miembamba inayouma na kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kitini.

Mbwa aliyekomaa hujilinda, kwa kuwa utumbo wake hupunguza ufyonzaji wa kalsiamu inapokuwa nyingi. Mtoto wa mbwa hana ulinzi huo. Katika miezi yake ya kwanza, hadi karibu na miezi sita, sehemu kubwa ya kalsiamu anayokula huingia mwilini atake asitake. Herman Hazewinkel na wenzake katika Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi walilichunguza jambo hili kwa watoto wa Great Dane kuanzia miaka ya 1980, wakaonyesha kwamba kalsiamu nyingi mno na kalsiamu kidogo mno zote mbili ziliharibu mifupa, hata pale virutubisho vingine vilipokuwa sawa. Kwangu mimi utafiti huo ndio msingi wa mjadala mzima, na inasikitisha kwamba watu wengi hubishana kuhusu nyama na nafaka kwa saa nyingi bila kuugusa.

Viwango vinavyotumika leo vinatokana na kazi ya aina hiyo. AAFCO, shirikisho la maofisa wa Marekani wanaosimamia vyakula vya wanyama, huruhusu chakula cha ukuaji kuwa na kalsiamu ya asilimia 1.2 hadi 2.5 ya uzito mkavu, yaani uzito unaobaki baada ya kuondoa maji. Kwa mbwa watakaofikia kilo 32 hivi au zaidi, kikomo cha juu hushushwa hadi asilimia 1.8. Kwa kipimo cha nishati, hiyo ni gramu 3.0 hadi 4.5 za kalsiamu kwa kila kilokalori 1,000, na kalsiamu isipungue fosforasi wala isizidi mara mbili yake.

Namba hizo huonekana kavu mpaka ziwekwe mbele ya mbwa mmoja. Chukua mtoto wa mbwa wa miezi mitano mwenye kilo 20. Kwa hesabu inayotumiwa na madaktari wa wanyama, anahitaji takriban kilokalori 1,320 kwa siku, na kwa hiyo kalsiamu yake ya siku inapaswa kuwa kati ya gramu 4 na gramu 6. Akilishwa nyama nyekundu tupu isiyo na mfupa, gramu 660 hivi zitamtosheleza nishati, lakini kalsiamu atakayopata haitafika hata gramu 0.2, huku fosforasi ikiwa mara kumi au zaidi ya hiyo. Akilishwa chakula kikavu cha mbwa wakubwa chenye kilokalori 3,600 kwa kilo na kalsiamu ya asilimia 1.2, atakula gramu 370 hivi na kupata gramu 4.4. Sasa mwenye mbwa huyo aliyekwisha kupata kiasi chake aamue, kwa nia njema kabisa, kumwongezea kijiko kimoja cha chai cha ganda la yai lililosagwa. Kijiko hicho huwa na takriban gramu 5 za unga, na karibu gramu 2 kati ya hizo ni kalsiamu. Upana wote wa eneo salama, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, ni kijiko kimoja cha chai.

Nishati nayo ina uzito uleule. Mtoto wa mbwa mnene huelemea viungo ambavyo havijakomaa. Utafiti uliofuata Labrador 48 maisha yao yote, wawili wawili wa uzao mmoja, ulimpa mmoja robo pungufu ya chakula cha mwenzake kuanzia akiwa mdogo. Waliopunguziwa walipata displasia ya nyonga, yaani kiungo cha nyonga kisichokaa sawasawa, kwa kiwango cha chini zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba umri wao wa kati ulikuwa miaka 13.0, dhidi ya miaka 11.2 kwa wenzao. Chakula kilikuwa kilekile; kilichotofautiana ni wingi. Protini, kwa upande mwingine, imelaumiwa bure: watafiti wa Utrecht walilisha watoto wa Great Dane viwango tofauti vya protini na hawakuona madhara ya mifupa yanayotokana nayo. Kwa hiyo anayekataa nyama mbichi kwa sababu ina protini nyingi anaikataa kwa sababu isiyo sahihi.

Chakula kikavu kilichoandikwa kwa ajili ya mbwa wakubwa

Nguvu ya chakula hiki ni kwamba hesabu imekwisha kufanyika na hurudiwa katika kila mfuko. Mfugaji hubaki na kazi moja ya kupima uzito wa chakula kwa mizani, na kazi hiyo ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa kuwa kikombe cha plastiki kinaweza kutofautiana kwa robo nzima kati ya mkono na mkono.

Hata hivyo neno la kutafuta kwenye lebo halipaswi kuwa picha ya mbwa mkubwa wala jina la kuvutia, bali tamko kwamba chakula ni kamili kwa ukuaji, ukiwemo ukuaji wa mbwa wakubwa. Chakula cha hatua zote za maisha kisicho na tamko hilo kinaruhusiwa kuwa na kalsiamu hadi asilimia 2.5 ya uzito mkavu. Mbwa wetu wa kilo 20 akila gramu 370 za chakula chenye kalsiamu ya asilimia 2.2, atapata gramu 8 kwa siku, na hapo chakula kikavu kitakuwa kimemdhuru sawasawa na rundo la mifupa. Kuna pia ushauri wa zamani, ambao bado unasikika, kwamba mtoto wa mbwa mkubwa alishwe chakula cha mbwa wazima ili asikue haraka. Ushauri huo siukubali. Chakula cha wazima hakikupimwa kwa ajili ya ukuaji, kalsiamu yake inaweza kuwa chini au juu ya inayotakiwa, na kama nishati yake ni ndogo mtoto wa mbwa hula kingi zaidi na kumeza madini mengi zaidi.

Chakula kikavu si safi kwa asilimia mia. Mwaka 2012 watu nchini Marekani na Kanada waliugua kutokana na bakteria wa Salmonella waliohusishwa na chakula kikavu cha mbwa, na nafaka zilizohifadhiwa vibaya zinaweza kubeba sumu ya ukungu. Tofauti iko katika kiwango: joto la kiwandani huua bakteria wengi, na uchafuzi huwa ni hitilafu iliyotokea baadaye, wakati nyama mbichi huja na bakteria kwa kawaida yake.

Chakula kibichi kamili kilichogandishwa

Hapa pana tofauti kubwa ambayo mwenye haraka huipita. Baadhi ya bidhaa hizi zimekamilishwa kwa vitamini na madini, na zina tamko la ukuaji wa mbwa wakubwa kama lile la chakula kikavu. Nyingine ni nyama, mfupa na viungo vya ndani kama ini vilivyosagwa pamoja kwa mgawanyo maarufu wa asilimia 80, 10 na 10, na mara nyingi zimeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni chakula cha nyongeza. Mgawanyo huo ni desturi ya wafugaji. Haukutokana na mahitaji yaliyopimwa ya mtoto wa mbwa, na huacha mapengo ya zinki, manganizi, iodini, vitamini E na mara nyingi vitamini D. Bidhaa ya aina ya pili haifai kuwa chakula pekee cha mbwa anayekua, hata ikiwa imefungwa vizuri namna gani.

Kulinganisha lebo ya chakula kibichi na ya chakula kikavu kunahitaji uangalifu, kwa sababu maji hupotosha macho. Chakula kibichi chenye maji asilimia 70 na kalsiamu ya asilimia 0.5 kinaonekana kuwa na kalsiamu kidogo sana kando ya chakula kikavu chenye maji asilimia 10 na kalsiamu ya asilimia 1.3. Ukiondoa maji, cha kwanza kina asilimia 1.67 na cha pili asilimia 1.44, na sasa kibichi ndicho kinachoonekana kuwa juu. Lakini chakula kibichi huwa na mafuta mengi, na mafuta yana nishati nyingi, kwa hiyo mbwa hula uzito mkavu mdogo zaidi. Kama kile kibichi kina kilokalori 1,600 kwa kilo na kile kikavu kina 3,600, kalsiamu ni gramu 3.1 kwa kilokalori 1,000 kwa cha kwanza na gramu 3.6 kwa cha pili, na vyote viwili viko ndani ya mpaka. Kipimo cha nishati ndicho cha haki. Mtengenezaji ambaye akiulizwa hawezi kutoa kalsiamu na fosforasi kwa kila kilokalori 1,000 hajajiandaa kumlisha mtoto wa mbwa mkubwa, na hilo nalisema kwa watengenezaji wa vyakula vya aina zote.

Baadhi ya vyakula vibichi hupitishwa katika mashine ya mgandamizo mkubwa, ambayo hupunguza bakteria bila kupika. Hatua hiyo ina manufaa na ni sababu nzuri ya kuchagua bidhaa moja badala ya nyingine, ingawa haiondoi haja ya usafi jikoni.

Chakula kibichi cha nyumbani

Njia hii ndiyo inayopendwa kwa moyo zaidi na ndiyo inayoleta madhara zaidi kwa mbegu kubwa, kwa hiyo inastahili kuelezwa kwa urefu.

Anayeandaa mwenyewe hutegemea mifupa laini kuwa chanzo cha kalsiamu, kama vile shingo, migongo na mabawa ya kuku. Tatizo ni kwamba kiasi cha mfupa hubadilika kutoka kipande hadi kipande: shingo iliyotolewa ngozi si sawa na yenye ngozi, bawa si sawa na mgongo, kuku mchanga si sawa na kuku mzee. Mikono miwili inayochota kutoka mfuko mmoja inaweza kuandaa mabakuli mawili yenye kalsiamu tofauti kabisa. Kwa mbwa mzima wa kilo 10 tofauti hizo husawazishwa na utumbo wake. Kwa mtoto wa Rottweiler wa wiki 12 huingia mwilini moja kwa moja. Choo cheupe kinachovunjika kama chaki ni ishara ya mfupa kupita kiasi, na mtoto wa mbwa anayejikamua bila kupata choo anaweza kuwa ameziba.

Upungufu nao haukosekani. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2011 ulichunguza mapishi 95 ya chakula kibichi ambayo wenye mbwa walikuwa wakiyatumia, ukakuta kwamba asilimia 60 yalikuwa na kasoro kubwa moja au zaidi. Watafiti wa California walichambua mapishi 200 ya chakula cha nyumbani cha mbwa wazima mwaka 2013, na asilimia 95 yalikuwa na angalau kirutubisho kimoja muhimu chini ya kiwango. Hayo yalikuwa mapishi ya mbwa wazima, ambao wana uvumilivu. Dhana kwamba chakula husawazika chenyewe kwa muda, leo kuku na kesho ng'ombe, haisaidii: mapishi kumi yote yakikosa zinki, kuyazungusha hakuleti zinki.

Kuna mengine yanayohusu viungo mahususi. Ini likizidi huleta vitamini A kupita kiasi, ambayo nayo huharibu mifupa. Koo na shingo za ng'ombe zinaweza kuja na tezi ya thairoidi, na mbwa akizila mara kwa mara hupata dalili za homoni nyingi. Samaki wabichi wa aina fulani wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Nyama mbichi ya nguruwe katika maeneo yenye ugonjwa wa Aujeszky, ugonjwa wa virusi wa nguruwe, inaweza kumuua mbwa kwa siku chache. Mifupa mizito ya miguu ya ng'ombe huvunja meno, na mfupa uliopikwa, wa aina yoyote, hupasuka kwa vipande vyenye ncha na haufai kupewa mbwa kabisa.

Je, njia hii haiwezekani? Inawezekana kwa sharti moja ambalo silipunguzi: mapishi yaandikwe kwa ajili ya mbwa huyo na daktari wa wanyama aliyebobea katika lishe, yakiwa na gramu za kila kitu, kalsiamu itokane na chanzo kilichopimwa badala ya mifupa ya kukisia, na mapishi yarekebishwe kadiri mbwa anavyoongezeka uzito. Anayefuata mapishi hayo kwa mizani hufanya kazi nzuri. Anayebadilisha kiungo kimoja kwa kingine kwa sababu kilikosekana amekwisha kuwa na mapishi mengine.

Chakula cha nyumbani kilichopikwa

Hiki huondoa hatari ya bakteria na kuacha kazi yote ya hesabu palepale. Masharti ni yaleyale: mapishi ya mtaalamu, mizani, na kalsiamu ya unga kwa kuwa mifupa haiwezi kutumika. Kwa nyumba inayotaka kuona kila kinachoingia bakulini na ina mtu asiyepaswa kukaribia nyama mbichi, naona hii ni njia bora kuliko kibichi cha nyumbani.

Bakteria, vimelea na watu wanaoishi na mbwa

FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipima sampuli 196 za vyakula vibichi vya mbwa na paka kati ya mwaka 2010 na 2012, ikakuta Salmonella katika 15 na bakteria mwingine wa kuleta ugonjwa, Listeria monocytogenes, katika 32. Watafiti wa Uholanzi walipima bidhaa 35 za kugandishwa mwaka 2018. Bidhaa 28 zilikuwa na E. koli sugu kwa antibiotiki muhimu, 19 zilikuwa na Listeria monocytogenes, na 7 zilikuwa na Salmonella. Wenye mbwa hujibu kwamba mbwa wao hajawahi kuugua, na huenda wanasema kweli, kwa kuwa mbwa wengi hubeba Salmonella bila dalili yoyote. Hapo ndipo penye hatari kwa watu. Mbwa huitoa kwenye choo, huibeba mdomoni, na mtoto wa mbwa hulamba kila uso unaomsogelea. Angalia mtoto wa mbwa anavyokula nyama iliyosagwa: huingiza pua na kidevu, huburuta kipande hadi kwenye mkeka, hukilalia, kisha huja kujifuta kwenye magoti ya mtu. Kuosha bakuli peke yake hakufiki kote huko.

Friza haimalizi tatizo. Kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku kadhaa huua vimelea vingi, ikiwa ni pamoja na vifuko vya Toxoplasma na vya minyoo tegu katika nyama, lakini bakteria hulala tu na huamka nyama inapoyeyuka. Viungo vya ndani visivyogandishwa wala kupikwa vina hatari ya pekee: maini na mapafu ya kondoo au mbuzi yanaweza kuwa na vifuko vya Echinococcus granulosus, mbwa akivila hupata minyoo isiyomletea dalili, na mayai yanayotoka kwenye choo chake humsababishia binadamu uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Mbwa asipewe kamwe viungo vyenye malengelenge ya maji.

Chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani, AVMA, kilipitisha mwaka 2012 msimamo wa kutounga mkono kulisha mbwa na paka nyama mbichi isiyopitia hatua ya kuua vijidudu. Mimi ninakubaliana nacho moja kwa moja pale nyumbani palipo na mtoto aliye chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee, au mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka. Katika nyumba kama hiyo ulinganisho umekwisha, na chakula kibichi hakifai.

Faida zinazotajwa

Ni haki kuzitaja kwa uaminifu. Nyama mbichi humeng'enywa vizuri, choo huwa kidogo, na mbwa wachaguzi huikubali. Kutafuna hupunguza uchafu wa meno, ingawa huambatana na hatari ya kuvunja jino. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kwa kutumia madodoso ya wenye mbwa, wameona uhusiano kati ya vyakula visivyosindikwa utotoni na upungufu wa matatizo ya ngozi na ya utumbo baadaye. Matokeo hayo yanavutia na yanastahili kufuatiliwa, lakini uhusiano unaotokana na madodoso haujathibitisha chanzo, kwani wanaolisha chakula kibichi hutofautiana na wengine kwa mambo mengi. Hoja kwamba mbwa ni mbwamwitu ndiyo dhaifu kuliko zote: mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba mbwa wamepata nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga wakati wa kuishi na binadamu, na hakuna mbwamwitu anayekua kwa kasi ya Great Dane.

Kuchanganya

Wengi huishia katikati, wakiwa na chakula kikavu asubuhi na nyama mbichi jioni. Madai kwamba viwili hivyo haviwezi kukutana tumboni hayana msingi, ila hesabu huharibika kimyakimya. Nyongeza isiyo kamili, iwe mbichi au iliyopikwa, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mbwa wetu wa kilo 20 hiyo ni kilokalori 130 hivi, yaani gramu 60 au 70 za nyama nyekundu. Mwenye kutaka zaidi ya hapo achanganye vyakula viwili ambavyo kila kimoja ni kamili kwa ukuaji wa mbwa wakubwa. Mifupa, unga wa mifupa na vidonge vya kalsiamu visiongezwe juu ya chakula kamili kwa hali yoyote, hata kama mtoto wa mbwa ana miguu iliyopinda. Miguu iliyopinda inaweza kuwa dalili kwamba kalsiamu imekwisha kuzidi.

Nani achague nini

Kwa mfugaji wa kawaida aliye na mtoto wa kwanza wa mbegu kubwa, ninapendekeza chakula kikavu kamili chenye tamko la ukuaji wa mbwa wakubwa, bila kusita, hadi ukuaji ukamilike. Aliye na friza ya kutosha, nyumba isiyo na watu dhaifu na nidhamu ya jikoni anaweza kuchagua kibichi kamili kilichogandishwa, ilimradi kina tamko hilohilo na ikiwezekana kimepitishwa katika mgandamizo. Ayeyushe nyama ndani ya jokofu lenye nyuzi 4 au chini yake, aondoe bakuli mbwa anapomaliza kula, aoshe kwa sabuni na maji ya moto mbali na vyombo vya watu, na anawe mikono kila mara. Chakula cha nyumbani, kibichi au kilichopikwa, ni cha yule aliyekwisha kumpata mtaalamu wa lishe na yuko tayari kurudi kwake kila baada ya wiki chache. Nyama, mfupa na ini kwa kukadiria kwa macho sikipendekezi kwa mtu yeyote mwenye mbegu kubwa inayokua.

Njia yoyote itakayochaguliwa, mtoto wa mbwa apimwe uzito kila baada ya wiki mbili na apapaswe mbavu. Mbavu zisikike kwa urahisi chini ya vidole, na kiuno kionekane ukimtazama kutoka juu. Alishwe mara tatu kwa siku akiwa mdogo na mara mbili baadaye, kwa kiasi kilichopimwa, na bakuli lisiachwe wazi kutwa. Akichechemea, vidole vikitanuka, vifundo vya miguu ya mbele vikivimba au kuinama, au akikataa kucheza, apelekwe kwa daktari wa wanyama pamoja na lebo au orodha ya kila anachokula, nyongeza zikiwemo, kwa sababu picha ya mionzi bila habari ya chakula huacha nusu ya jibu nje.

Anayetamani chakula kibichi na hajaridhika na masharti haya anaweza kusubiri. Mbwa wengi wakubwa hukamilisha ukuaji kati ya miezi 12 na 18, na wale wa mbegu kubwa kabisa kama Mastiff na Great Dane hufika miezi 24. Baada ya hapo utumbo na mifupa huvumilia tofauti za kila siku kwa kiasi kikubwa zaidi, na mabadiliko yanaweza kufanywa taratibu kwa siku saba hadi kumi, kwa kupunguza chakula cha zamani na kuongeza kipya, huku usafi wa jikoni na usalama wa watu wa nyumbani ukibaki na uzito uleule.